Viungo vilivyopakwa sukari

Viungo vilivyopakwa sukari (kwa Kifaransa: épices de chambre, yaani "viungo vya chumbani") vilikuwa vitamutamu vya matajiri wa Ulaya wakati wa Karne za Kati na Renaissance. Mbegu za giligilani, shamari au anisi zilitikiswa katika sufuria juu ya moto, zikimiminiwa shira kidogo kidogo hadi zikafunikwa na tabaka nyingi za sukari. Tangawizi pia ilitumika.

Viliandaliwa mwishoni mwa karamu pamoja na hipokrasi, divai iliyotiwa viungo na sukari. Waganga waliamini kwamba viungo, vikiwa na asili ya joto, husaidia tumbo kumeng'enya chakula. Vilitumika pia kuondoa harufu mbaya ya kinywa.

Kwa sababu hiyo vilihesabiwa kuwa dawa, navyo viliuzwa na wauza dawa. Katika karne ya 13, Thoma wa Akwino alifundisha kwamba dawa tamu za namna hiyo hazivunji mfungo, isipokuwa mtu akizila nyingi kwa hila, kama chakula.

Sukari ilipopungua bei kutokana na mashamba ya Amerika yaliyolimwa na watumwa, viungo hivyo vilibaki kuwa pipi tu.