Kabla ya Dawa Kulikuwa na Kidonda

Ukiambia watu machungwa ya supermaketi hupakwa dawa ya kuzuia kuvu, hasira yote inaenda kwa dawa. Sawa, lakini hebu turudi California, mwanzo wa miaka ya 1900, kabla dawa hizo hazijakuwepo.

Wakulima wa huko walikuwa wanatuma machungwa kwa treni hadi mashariki mwa Marekani. Mengi yalifika yameoza, yamejaa kuvu ya kijani na ya buluu. Wengi wakalaumu reli. Serikali ikamtuma mtaalamu wake, G. Harold Powell, achunguze. Ripoti yake ya 1908 ilirudisha kesi shambani. Kuvu hiyo, Penicillium, inataka mlango, na mlango ni kidonda kwenye ganda: mkwaruzo wa mkasi, kucha ya mvunaji, changarawe ndani ya boksi, kikonyo kirefu kinachodunga chungwa la pili. Na wavunaji walikuwa wanalipwa kwa boksi. Sasa hapo nani angekata polepole? Machungwa yaliyoshikwa vizuri yalioza kidogo sana, bila dawa yoyote.

Dawa zilikuja baadaye. Thiabendazole ilianza kama dawa ya minyoo mwaka wa 1961, kisha ikagunduliwa inaua kuvu pia. Benomyl ikafuata. Shida ni kwamba zote mbili zinapiga kuvu mahali pamoja, so kuvu iliyoshinda moja ikashinda na nyingine. Miaka ya 1970, kuvu sugu zilikuwa zimejaa kwenye maghala ya kupakia matunda. Kampuni ya Janssen ya Ubelgiji ikaleta imazalil. Kabla miaka ya 1980 iishe, kuvu zilizoizoea zilikuwa zimeshaonekana.

Sisemi dawa ni bure. Tunda linalokaa wiki kadhaa kwa meli linazihitaji. Lakini kuvu inajifunza, na kidonda hakijawahi kuacha kuwa mlango.

Sasa angalia embe zetu zikitoka Makueni: zimeshindiliwa kwa gunia, zimerushwa kwa lori, mtu amekalia juu. Zikifika Marikiti zimeanza kuoza, tunasema ni joto. Manze, Powell alishajibu hii. Kreti nzuri, na malipo yasiyomlazimisha mvunaji kukimbia, ndiyo dawa ya kwanza. Na hiyo kuvu haijawahi kuizoea.