Vitabu Vilivyowashikisha Watu Jembe

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu mtakuta habari za mazao, za maghala na za fedha. Sisi tumeombwa tuandike historia, nasi twaona yafaa tueleze habari za vitabu. Pengine mkulima atauliza, "Kitabu na jembe vyahusiana nini?" Wamekuwako watu waliosoma kitabu, wakakiweka chini, wakashika jembe ili wale jasho lao wenyewe. Yaliyowapata yana mafundisho kwetu.

Katika mwaka 1845 Mmarekani mmoja, Henry David Thoreau, alikwenda kukaa peke yake kando ya ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord. Alijijengea kibanda kwa dola 28 na senti 12 na nusu, akalima eka mbili na nusu, maharage kwa wingi. Hata bei ya misumari aliiandika. Msimu wa kwanza shamba lilimgharimu dola 14 na senti 72 na nusu, nalo likamletea dola 23 na senti 44. Kitabu chake, Walden, kilichotoka mwaka 1854, kimewavuta wengi kuacha mji wakajaribu kuishi kwa mikono yao. Lakini tusisahau ya kuwa shoka aliloanzia kazi lilikuwa la kuazima, ardhi ilikuwa ya rafiki yake Emerson, na siku ya kusimamisha kibanda walikuja watu kumsaidia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1904 wakili wa Kihindi, Bwana M. K. Gandhi, alipanda gari-moshi kutoka Johannesburg kwenda Durban, huko Afrika Kusini. Rafiki yake Henry Polak alikuwa amempa kitabu cha Mwingereza John Ruskin, Unto This Last. Usiku ule hakupata usingizi. Alijifunza humo ya kuwa kazi ya wakili na kazi ya kinyozi zina thamani moja, na ya kuwa maisha ya mkulima na ya fundi ndiyo yastahiliyo. Mwaka uleule alinunua shamba mahali paitwapo Phoenix, karibu na Durban, akahamishia huko mtambo wa kuchapa gazeti la Indian Opinion. Waliokubali kuhamia walipangiwa posho sawa ya pauni 3 kwa mwezi. Usiku wa kwanza wa kuchapa gazeti, injini ilikataa kwenda. Maseremala waliokuwa wamelala waliamshwa, nao wakasaidia kulizungusha gurudumu kwa mikono. Kitabu kilimwamsha mtu mmoja, lakini gazeti lilitoka kwa mikono ya wengi waliokubali.

Neno hilo, kukubali, ndilo lililotupata sisi hapa Tanzania. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, kisha Ujamaa Vijijini. Hicho cha pili kilieleza ya kuwa kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1973 ilitoka amri ya kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini kabla mwaka 1976 haujaisha, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Mwaka huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982.

Wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Tume iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuwa imekwisha kukuta udanganyifu na uzembe katika vyama vingi, na wanachama wasiojua mambo ya chama chao wenyewe. Chama ambacho wenyewe hawakijui ni rahisi kuibiwa, na ni rahisi kuvunjwa pasipo mtu kusimama kukitetea.

Basi, ndugu, kujitegemea si kujitenga, wala si kuamriwa. Ni kujua, kukubali, na kufanya kazi pamoja. Chama chetu kina vitabu vyake viwili: masharti na daftari la hesabu. Havina maneno matamu, lakini humo ndimo ulimo ujira wa mwaka mzima wa kila mmoja wetu. Twawaomba viongozi wavisome kwa sauti katika kila mkutano mkuu, navyo viwe wazi kwa kila mwanachama atakayetaka kuviona. Asiyejua kusoma asione haya kumwita mwanawe amsomee. Na asiyeelewa asimame aulize, hata kama jua limekwisha kuchwa na watu wanataka kwenda nyumbani.