Setilaiti na homa ya Bonde la Ufa Kaskazini Mashariki

Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, setilaiti zilionyesha jinsi hewa ya miji ya Uchina na Italia ilivyotakata baada ya magari na viwanda kusimama. Eldas, katika Kaunti ya Wajir, haina moshi mwingi wa kupimwa. Huko setilaiti zina kazi nyingine, tena ya zamani zaidi: kutazama jinsi mazingira yanavyotangulia maradhi.

Maradhi yenyewe ni homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake vilitambuliwa nchini Kenya mwaka 1931. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde madogo. Mayai hayo, mengine yakiwa tayari na virusi, huweza kukaa miaka kadhaa katika ukavu, na mafuriko yakija huanguliwa kwa pamoja. Ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia hutupa mimba na watoto wao hufa. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, ama kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa.

Setilaiti haimwoni mbu. Hupima nuru inayorudishwa na ardhi, kwani jani bichi hufyonza nuru nyekundu na kurudisha ile ya infraredi. Nchi kame ikinawiri kupita kawaida, huku Bahari Hindi na Pasifiki zikipata joto, wataalamu huona dalili ya hatari.

Somo hilo lilitokana na mkurupuko wa 1997 na 1998, uliofuata mvua za El Nino, ambapo watu wapatao 27,500 walikadiriwa kuambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum na wenzake walieleza katika jarida la Science jinsi ya kuutabiri miezi kadhaa kabla.

Mwaka 2006 jaribio likaja. Kundi la Assaf Anyamba wa NASA lilitoa tahadhari kuanzia Septemba. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa na wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Utabiri ulitimia, lakini chanjo ya mifugo ilianza ugonjwa ukiwa umeshaenea, nazo barabara zimekatwa na maji. Wafugaji wa Kisomali, ambao huuita ugonjwa huo sandik, yaani pua itokayo damu, walikuwa wamekwisha kuona mvua, mbu na mimba zilizotupwa.

Mwaka 2018 mvua kubwa zilirejea na Eldas ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Tarehe 2 Juni mgonjwa wa kwanza alifikishwa katika hospitali ya rufaa ya Wajir, baada ya kula nyama ya mnyama mgonjwa. Alifariki siku hiyo hiyo. Serikali ilitangaza mkurupuko tarehe 8 Juni.