Mitumba na Tarekhe Yake Katika Pwani Yetu

Yako mambo ambayo watu huyafanya kwa furaha na kuyataja kwa haya, na mojawapo ni kununua nguo za mitumba. Mwandishi wa makala haya hana haya hiyo. Naipenda mitumba, tena si kwa ajili ya unafuu wa bei peke yake. Napenda kuligeuza koti ndani nje nikatazama namna bitana ilivyotiwa, na mara nyengine nikakuta kiraka kilichoshonwa kwa mkono na mtu nisiyemjua, kwa uzi mwembamba, mahali ambapo hapana jicho la kukiona. Na sisi wanawake wa Pwani tuna bahati, kwani chini ya buibui hapana ajuaye gauni limetoka dukani au limetoka Kongowea! Lakini nguo hizi zina tarekhe, na wengi wetu hudhani kuwa zilizuka juzi.

Tutazame kwanza neno lenyewe. Asili ya mtumba si nguo kuukuu. Katika siku za misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa ukakazwa, akauchukua mpagazi begani kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, uzito wake ukikaribia frasila mbili, yaani kama ratili 70. Nguo iliyokuwamo ilikuwa mpya, haijaguswa na maji. Nayo huko bara ndiyo iliyokuwa fedha: watu wakihesabu kwa shuka, kwa doti na kwa jora, wakalipia chakula, ushuru wa njia na pembe za ndovu.

Sehemu kubwa ya nguo hiyo iliitwa merikani, na jina lasema lilikotoka. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani na kuletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo, Richard Waters, akafika Unguja mwaka 1837. Walitaka pembe na sandarusi, wakaleta nguo. Pamba ya nguo hiyo ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani, na nguo yenyewe ilipofika huku ikawavika watumwa wa mashamba ya karafuu. Mwenye kusema kuwa nguo ni kitambaa tu, na alizingatie hili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi. Hata hivyo jina la merikani halikuondoka, na hata nguo iliyofumwa Bara Hindi ikaitwa hivyo hivyo.

Unguja ya zama hizo mtu alisomeka kwa vazi lake. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za mtumwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha kaniki wakavaa kanga za rangi na kujifunika vichwa kama waungwana. Nadhani haya tuliyo nayo juu ya nguo kuukuu ina mizizi huko: babu zetu walijua kuwa nguo humshusha mtu au humpandisha.

Nguo kuukuu za Ulaya zilifika kidogo kidogo, khasa makabuti ya askari baada ya vita vikuu. Mafuriko tunayoyajua ni ya karibu zaidi. Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu madukani, na mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Ndipo mitumba ikaingia kwa wingi. Kenya milango ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko Tanzania wakaziita "kafa Ulaya", wakidhani ni nguo za marehemu. Si hivyo. Nyingi zimetolewa na watu walio hai, waliochoka nazo, wakazipeleka kwa vyama vya kusaidia maskini. Vyama huuza sehemu yake katika maduka yao, na iliyobaki huuzwa kwa uzito kwa wafanyi biashara, ikachambuliwa, ikashindiliwa katika marobota, aghlabu ya kilo 45, ikapakiwa melini kuja Kilindini. Aliyetoa alitoa sadaka. Anayeipokea huku anainunua. Robota likifunguliwa, nguo nzuri huitwa kamera na huondoka na waliowahi asubuhi, na ya mwisho ni fagia.

Sasa swali ambalo nimeulizwa na mashoga zangu zaidi ya mara moja: je, yafaa kuisalia nguo iliyovaliwa na asiyekuwa Muislamu? Maulamaa walilizungumza jambo hili zamani. Imepokewa katika Bukhari, kwa riwaya ya Mughira bin Shu'ba (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) safarini alivaa juba la Sham, na alipotaka kutawadha mikono yake ilikuwa myembamba, ikambidi aitoe mikono kwa chini. Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi. Juu ya nguo iliyokwisha valiwa wako waliochukia zile za ndani kabla ya kufuliwa. Ikifuliwa ikatakata, hapana tatizo. Basi ndoo ya maji na sabuni yatosha.

Lililo zito kwangu ni jengine, nalo ni riziki ya wafumaji na mafundi wetu. Viwanda kama Kicomi cha Kisumu vilifungwa. Wako waitupiao mitumba lawama yote, nami naona si insafu, kwani mashine zilikuwa kuukuu, uongozi mbovu, na nguo mpya rahisi kutoka Asia zilikuwa zikiingia pia. Lakini kusema mitumba haikudhuru kitu ni kujidanganya. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake nafuu ya kuingia huko bila ushuru. Kenya ilikuwa imekwisha kurudi nyuma mwaka 2017. Nchi iliyotuuzia merikani hata kwa nguo zake kuukuu ina neno!

Na mafundi cherehani wa barazani hawakwisha wote. Waliobaki hushona sare za skuli na kanzu za Idi, na siku nyengine zote huishi kwa mitumba hiyo hiyo: kupunguza viuno, kukata mikono, kutia zipu. Suruali moja ya Mmarekani mnene hutoa suruali mbili za watoto wa chuoni, na kitambaa kikabaki cha kofia.