Endotheliamu: Bitana Hai ya Mshipa wa Damu

Upande wa ndani wa kila mshipa wa damu, tangu ateri kuu inayotoka moyoni hadi kapilari nyembamba kuliko unywele, umefunikwa na tabaka la seli bapa zilizobanana. Unene wa tabaka hilo ni wa seli moja tu. Wanasayansi huliita endotheliamu, jina alilolitunga Mswisi Wilhelm His mwaka 1865 kwa Kigiriki: "ndani" likaunganishwa na neno la chuchu. Mgonjwa hapati lolote humo, na mkalimani akilitamka jinsi lilivyo atakuwa hajafasiri kitu.

Mjini Brampton, kaskazini-magharibi mwa Toronto, neno hili lina kazi kwetu tunaowafasiria wagonjwa. Kiswahili kimefika maeneo haya na Wakongo, Wakenya na Watanzania, na pia na Waasia wa Afrika Mashariki. Waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na kupokelewa Canada peke yao walizidi 6,000. Na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuijeruhi endotheliamu, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia Kusini kuliko Wazungu. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Toronto ndiko ilikoonekana mapema kwamba hatari ya lupasi haiishi homa na maumivu ya viungo yanapotulia. Daktari Murray Urowitz, aliyeanzisha kliniki ya lupasi jijini humo mwaka 1970, alieleza na wenzake mwaka 1976 kwamba vifo vya wagonjwa huja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza ni la ugonjwa wenyewe ukiwa mkali, pamoja na maambukizi. La pili huja miaka mingi baadaye, na huwa la moyo. Mwaka 1997 watafiti wa Pittsburgh waliripoti kwamba wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walipata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 ya wenzao wasio nayo. Mwanamke wa miaka 38 anayeambiwa habari hiyo anastahili kuielewa neno kwa neno.

Tuseme nini basi badala ya endotheliamu? "Mshipa" peke yake hautoshi, maana kwetu mshipa ni wa damu, ni neva, na pwani ni ngiri pia. Lazima tuseme "mshipa wa damu" kila mara. Kwa tabaka la ndani napendekeza bitana, kama kitambaa kinachoshonewa ndani ya koti. Fundi yeyote analijua neno hilo. Ila bitana ya koti haifanyi kazi, na hii inafanya, kwa hiyo naongeza "hai".

Mwanasayansi Robert Furchgott alilithibitisha hilo mwaka 1980 kwa vipande vya ateri ya sungura. Kipande chenye bitana yake kilidondoshewa kemikali ya asetilikolini kikalegea. Kilichosuguliwa ndani hadi bitana ikatoka kilikataa kulegea. Baadaye ilijulikana kwamba seli za bitana hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, inayoutanua mshipa. Ugunduzi huo ulileta Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Bitana hiyohiyo huzuia damu isigande ovyo.

Bitana ikichubuka, seli jirani hugawanyika kuziba pengo, na nyingine zinazozunguka kwenye damu husaidia. Hizi za pili naziita seli chipukizi. Kazi hiyo siiti "ukarabati", maana huo ni wa barabara na majengo. Mshipa hujijenga upya. Lupasi huharibu pande zote mbili kwa mpigo: inaijeruhi bitana, huku interferoni alfa, kemikali ya kinga inayozalishwa kupita kiasi, ikizidhoofisha seli chipukizi. Mtafiti Mariana Kaplan na wenzake wa Michigan waliandika juu ya jambo hilo mwaka 2007. Jeraha linabaki wazi, mafuta yanajipenyeza ukutani, ateri inakakamaa kabla ya umri wake.

Mwaka 2021 Marekani na Canada ziliidhinisha anifrolumabu, dawa inayoziba mlango ambao interferoni hizo hutumia kuziamrisha seli. Kwa wagonjwa wengi dawa ya msingi bado ni haidroksiklorokwini, na pamoja nayo kupima presha na kolesteroli kila mara na kuacha sigara kabisa, hata mwaka ambao vidole haviumi na daktari anasema ugonjwa umelala.