Mkemia aliyewauliza viwavi

Mkulima aliyeamka asubuhi akakuta shamba lake la mahindi limebaki mabua hawezi kuamini kwamba kiwavijeshi huchagua chakula. Lakini huchagua. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, walikata majani ya mahindi vipande vidogo vya duara. Baadhi walivichovya kwenye dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye gome la mti, vingine wakaviacha vilivyo, kisha wakawaachia viwavi wenye njaa waamue wenyewe. Vile vya dawa havikuguswa. Mmoja wa watu waliokuwa nyuma ya kazi hiyo alikuwa profesa wa kemia kutoka Japani, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York: Koji Nakanishi.

Nakanishi alifariki Machi 2019 akiwa na miaka 93, profesa mstaafu aliyetunukiwa karibu kila heshima ambayo wakemia wanaweza kumpa mwenzao. Mwaka 1995 vyama vya wakemia vya Marekani na Japani vilianzisha tuzo yenye jina lake, na mwaka 2007 Japani ikampa Nishani ya Utamaduni. Katika wasifu wake mrefu, miaka ya Nairobi mara nyingi hupewa mstari mmoja tu. Inastahili zaidi.

Alizaliwa Hong Kong mwaka 1925, utotoni akaishi Lyon, London na Alexandria kabla familia haijarudi Japani. Alisoma Nagoya, na mwaka 1950 akaenda Harvard kwa mkemia Louis Fieser, miaka mitano tu baada ya nchi yake kushindwa vita na Wamarekani haohao. Baada ya kurudi, baadaye alifundisha Tokyo, halafu Sendai.

Huko Sendai ndiko alikojipatia jina. Tufani ilikuwa imeangusha miti ya ginkgo, naye na wanafunzi wake wakakusanya kilo 100 za maganda ya mizizi yake. Walichokuwa wakikitafuta ni chembechembe chungu ajabu ambazo Mjapani mwingine alikuwa amezichuja tangu 1932 bila kujua zimeundwaje. Kazi ilikuwa ngumu, kwani molekuli hizo zimejikunja kama kizimba na hazivunjiki kirahisi, na zilibeba kifundo cha atomu za kaboni ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana katika kitu chochote cha asili. Mwaka 1967 muundo wote ukatangazwa. Miaka 21 baadaye E. J. Corey wa Harvard aliweza kuunda mojawapo maabarani, na mwaka 1990 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya jumla ya kuunda molekuli za namna hiyo.

Wakati huohuo mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, Thomas Odhiambo, alikuwa na hoja yake. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ICIPE ikazaliwa. Mpango wake ulikuwa wa kijanja: maprofesa wenye majina makubwa wawe wakurugenzi wa utafiti, waje na kuondoka, huku vijana wenye shahada za uzamivu wakikaa Nairobi na kufanya kazi. Nakanishi, aliyehamia Columbia mwaka 1969, alikubali. Wakemia Jerrold Meinwald na Carl Djerassi, yule wa vidonge vya uzazi wa mpango, walikubali pia.

Nairobi haikukosa vitu vya kupima. Ule mti wa gome lililowashinda viwavi, Wakikuyu huuita muthiga, Wamaasai osokonoi; kitaalamu ni Warburgia ugandensis. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili, na watu wamelitafuna vizazi na vizazi kwa ajili ya jino, kikohozi na tumbo. Isao Kubo, kijana wa Kijapani aliyekuwa ICIPE, pamoja na Nakanishi na wenzao walichuja kutoka humo kitu walichokiita warburganali, wakatangaza matokeo mwaka 1976. Mwaka uliofuata wakaongeza kingine, muzigadiali, ambacho kiliwashinda pia kuvu na hamira. Utaratibu ulikuwa mmoja: viwavi kwanza, mashine baadaye. Kila walipoigawanya dawa, waliwarudishia wadudu vipande vya majani kuona nguvu imebaki kwenye chupa ipi. Hapo mdudu hugeuka kipimo, na bei yake ni nafuu kuliko mashine yoyote.

Kwa mwarobaini Nakanishi hakufanikiwa moja kwa moja. Mtaalamu wa wadudu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa ameona Sudan mwaka 1959 nzige wakimaliza kila jani isipokuwa majani ya mti huo, na mwaka 1968 Waingereza wawili wakachuja kiini chake, azadirachtini. Mwaka 1975 kundi la Nakanishi likapendekeza muundo wake. Sehemu kubwa ilikuwa sawa, lakini si yote. Marekebisho yalikuja 1985 kutoka Ujerumani na London. Ugumu wa kazi hiyo unaonekana kwa mkemia Mwingereza Steven Ley, aliyemaliza kuunda molekuli hiyo mwaka 2007 baada ya miaka 22.

Wanafunzi wa uzamivu wa Nakanishi na watafiti waliopita kwake walitoka nchi nyingi. Aliwafundisha kubaini umbo la molekuli kutokana na punje isiyoonekana kwa macho, kwa mbinu ya mwanga aliyoiendeleza na mkemia Nobuyuki Harada. Jioni, kwenye karamu za mikutano ya kisayansi, aliwafanyia wageni mazingaombwe, na inasemekana kwamba kwa karata alikuwa hodari kweli. Mwaka 1996, akiwa amepita miaka 70, alishiriki kubaini muundo wa A2E, rangi inayojilimbikiza kwenye retina ya jicho kadiri mtu anavyozeeka.

Warburganali haikufika madukani. Mwarobaini ulifika, na leo dawa zake ziko kwenye maduka ya pembejeo. ICIPE nayo imeendelea na swali lilelile la mdudu anapenda nini na anakimbia nini: katika mbinu yake ya vuta-sukuma, mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili harufu yake ifukuze nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, na nyasi za tembo pembezoni ili ziwavute huko.