Nani Aliyabeba Maji?

Mara ya kwanza nilipovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, nilikuwa na daftari lenye sentensi niliyoiandika kabla hata ya kuondoka chuoni: "Husuni Kubwa ni jengo linaloishi kwa amani na bahari." Nilikusudia kufungulia nayo tasnifu yangu ya uzamili.

Ukifika pale, sentensi hiyo inakujia yenyewe. Jumba limekaa juu ya genge, mashariki ya mji wa kale, likiifuata rasi hadi ncha yake. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Ngazi zinashuka kuelekea ufukweni. Karibu na ukingo pana hodhi la pembe nane, lisilo na paa, na chini yake bahari.

Hata vifaa vya ujenzi ni vya mahali pale. Kuta ni mawe ya matumbawe ya kisiwani. Nakshi zilichongwa kwenye matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini, kabla ya kukauka na kuwa magumu. Matumbawe hayohayo yalichomwa yakawa chokaa. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mti wa pwani ndio uliompimia Sultani upana wa chumba chake.

Nilikuwa napiga picha za hodhi wakati mzee aliyenitembeza aliponiuliza, "Mwanangu, maji yalifikaje humu?"

Nikatafuta mfereji kwa macho. Mzee akacheka. Hapa hakuna mto. Maji ya kisiwa ni ya visima, na kisima hakijimimini.

"Yalibebwa, Mzee," nikasema.

"Haya. Na nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimrudia Ibn Battuta. Anamsifu Sultani kwa ukarimu; anasema aliitwa Baba wa Vipawa. Ukurasa huohuo unaeleza kwamba alivamia nchi za bara mara kwa mara na kurudi na ngawira. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, nikinukuu sifa na kuruka uvamizi. Ibn Battuta hasemi nani alibeba maji, na mimi siwezi kumsemea. Lakini mtu alipanda na ndoo, akashuka, akapanda tena, ili mwingine aoge akitazama bahari.

Amani na bahari nayo ina mashaka. Kilwa Kisiwani iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa sababu. Mikoko iliyokatwa iwe boriti, leo inapandwa ili iukinge ufukwe.

Bado naliona jumba lile zuri. Aliyelipanga aliijua rasi, jiwe na upepo kuliko wengi tunaosomea majengo leo. Ila sentensi yangu nimeifuta. Tasnifu sasa inaanza na swali la mzee, na sura ya kwanza inahusu visima.